Karatasi ya Simiti

Mwezi uliopita nilimwita fundi anijengee jiko la nje, hapa hapa kwetu Likoni, kwenye kiwanja alichoniachia babu. Fundi alimimina simiti, akaukunja mfuko mtupu na kuutupa kando ya ukuta. Nikauokota. Ulikuwa wa karatasi, ile ya kaki yenye tabaka mbili tatu, na vumbi lake bado limo ndani. Nikachana tabaka moja, nikainyoosha kwa mikono miwili na kuiinua juani, kama nilivyokuwa nikifanya nilipokuwa na miaka kumi. Fundi alinitazama, akaniuliza kama kuna kitu changu nimepoteza mle ndani. Nikamwambia hapana. Sikuweza kumweleza mtu wa watu kwamba nilikuwa natafuta tundu.

Wewe nitakueleza. Babu yangu alikuwa mwindaji, na usicheke. Najua ukisikia Likoni unawaza feri na watu wanaokimbilia feri. Lakini miaka ile ya themanini kuingia tisini, ukitoka kwetu nyuma ya Mtongwe ukapita mashamba ya minazi na mihogo, kulikuwa na vichaka ambavyo mtu mzima aliingia asubuhi akatoka alasiri. Humo walikaa paa, wale wadogo wasiozidi mbuzi mchanga, nao walitoka alfajiri kuja kula majani ya kunde zetu. Serikali ilikuwa imeshapiga marufuku kuwinda, na hilo kila mtu alilijua. Kwa hiyo uta wa babu ulilala darini, umefungwa ndani ya mkeka mbovu, na hakuna aliyeutaja mbele ya mgeni.

Alikuwa mtu mgumu, babu. Hakupiga mtoto, ila alikuwa na namna ya kunyamaza iliyokufanya ujute mwenyewe. Uta aliuchonga kwa mti wa mkone, na kamba yake, ambayo sisi twaiita upote, aliipaka nta kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri, kuwe na mawindo au kusiwe. Lakini kilichomkondesha hasa ni mishale. Alikata fito mbichi, akazikausha kivulini mwezi mzima, akazinyoosha juu ya makaa akizibana kwa meno, kisha akazivingirisha juu ya mdomo wa chini ili asikie palipovimba. Nyuma alifunga manyoya matatu ya kanga wa porini kwa uzi na ulimbo, mbele akatia chembe, ile ncha ya chuma, alichokifua mwenyewe kwa msumari. Na baada ya taabu yote hiyo hakuuita mshale. Alisema ni kijiti chenye manyoya, mpaka kipite kwenye karatasi.

Karatasi yenyewe ndiyo hii ya simiti. Aliiwamba kwenye fremu ya fito, nyuma yake akaegemeza gunia lililoshindiliwa makumbi ya nazi, akasimama hatua sita, akaachia. Kwa hatua sita hata mimi ningepata. Babu hakuwa akipima shabaha, alitaka kuona mshale unapitaje. Uliotengenea huacha tundu dogo la duara, na mikato mitatu ya manyoya ikilizunguka sawasawa. Unaoyumba, ncha hupita pengine na mkia pengine, na karatasi inachanika mchaniko mrefu. Mchaniko ukielekea juu, mshale umekaa juu mno kwenye kamba. Ukilalia ubavuni, ufito ni mgumu mno au umelegea mno, au kuna unyoya uliozidi wenzake. Hapo babu alikwangua ufito kwa kigae cha chupa, akapunguza unyoya kwa wembe, au akazungusha uzi kwenye upote kupasogeza mahali pa kutegea. Kisha karatasi nyingine. Kuna siku jua lilitua hata mishale miwili haijakubaliana naye.

Mimi nilikuwa msomaji wake. Macho ya mbali babu alikuwa nayo, alimwona paa kabla sisi hatujakiona kichaka. Ya karibu yalimwacha. Akisimama mbele ya karatasi aliona ukungu. Na kuigusa hakutaka kabisa, kwa sababu karatasi ukiitia kidole inapanuka, halafu inakupa habari ya kidole chako badala ya habari ya mshale. Basi aliita, "Njoo unisomee," nami nikaitika, "Abee babu," nikaacha vyombo nilivyokuwa nikiosha nikakimbia.

"Likoje?"

"Limechanika, babu. Kushoto. Urefu wa ukucha."

Shuleni nilikuwa wa mwisho mwisho kwa kusoma, na mwalimu hakunificha. Lakini uani kwetu mzee mzima alishusha uta akangoja mtoto wa kike amwambie alichokiona, na akanisadiki neno kwa neno. Nilijivuna, wallahi. Sijapata kuheshimiwa hivyo tena, pamoja na cheti changu cha ualimu na miaka yangu ya kazi.

Usidhani ilikuwa ni ubishi wa mzee tu. Sisi ni Waislamu, na mnyama wa mshale ana hukumu yake. Ukitaja jina la Mwenyezi Mungu ukaachia, mshale ukaingia kwa ncha, ni halali hata ukimkuta amekwisha kufa. Lakini mshale ukimgonga kwa ubavu, akafa kwa kishindo kile, huyo ni mzoga, haliwi. Mshale unaoyumba ndio unaogonga kwa ubavu. Kwa hiyo babu alipoingia uani na mnyama begani, bibi hakumwuliza ameonaje huko wala amechokaje. Aliuliza, "Kwa ncha au kwa ubavu?" Ikiwa kwa ncha, alivuta mbuzi ya kukunia nazi, na jioni ile tulikula mchuzi ambao mpaka leo nikiukumbuka mate yananijaa. Ikiwa kwa ubavu, alinifungia nyama kwenye jani la mgomba akaniambia, "Peleka kwa jirani."

Jirani alikuwa mtu wa bara, fundi mjenzi, aliyekuja Pwani kutafuta kazi akaishia kununua kipande cha ardhi kando ya shamba letu. Alijenga vyumba viwili vya mawe, akaleta mke na watoto watatu. Mikono yake ilinuka simiti hata akitoka kuoga, na yeye ndiye aliyetuletea karatasi. Kila jengo alilofanyia kazi alirudi na mifuko mitupu kwapani, imekung'utwa na kukunjwa vizuri kama nguo za Idi. Alikuwa Mkristo, na nyama ya ubavu haikumkosesha usingizi.

"Mzee, leo usipige sawa sana," alimwambia babu akipita na baiskeli. "Huku kwangu mboga imeisha."

"Wewe waniombea dua mbaya," babu alimjibu, "na karatasi zenyewe waleta wewe!"

Wakacheka wote wawili. Babu hakuwa mtu wa kucheka na kila mtu.

Kuna jambo moja zaidi unalopaswa kulijua, nalo ni alama. Kila mwindaji alikuwa na alama yake kwenye mshale. Ya babu ilikuwa mistari miwili na kitone katikati, imechomwa kwa chuma cha moto karibu na manyoya. Watu wawili wakimpiga paa mmoja, alama ndiyo inayoamua. Lakini pia mshale wenye alama yako ukifanya ubaya, wa kujibu ni wewe, hata kama ulikuwa umelala. Nilipokuwa na miaka minane, mbuzi wa watu alikutwa na mshale wa babu pajani. Babu alikuwa na homa kitandani siku ya pili, na ni dhahiri kuna aliyeuokota kichakani akachezea. Hakujitetea. Aliamka akitetemeka, akafungua zizi, akawapelekea mbuzi wake mwenyewe, jike, tena mwenye mimba. "Alama ni yangu," alisema, na mazungumzo yakaisha.

Alama hiyo aliichoma kabla ya kuujaribu mshale, kwa sababu chuma cha moto huweza kuupinda ufito, na akaona heri upindike mapema. Kwa hiyo hata mshale ulioshindwa ulikuwa na alama yake. Ukishindwa mara tatu kwenye karatasi alinipa mkononi, akasema, "Kautie moto," na kazi yangu ilikuwa kuuvunja na kuusukuma chini ya chungu cha bibi.

Sikuutia moto. Mmoja wa kwanza niliuchoma, nikayatazama yale manyoya yakijikunja na kunuka, nikalia. Nilikuwa nimemwona akiutafuna mshale ule juu ya makaa siku nne. Baada ya hapo kila ulioshindwa niliuchomeka kwenye makuti ya banda la kuku, kwa ndani, ambako babu hakufika kwa sababu ya mgongo. Nikaupa kila mmoja jina. Walikuwa watoto wangu walioanguka mtihani, nami nilijua habari ya kuanguka mtihani. Hadi nafikia miaka kumi na miwili walikuwa tisa.

Aliyejua ni ami peke yake, mdogo wake baba. Alinifuma siku moja nikizungumza nao, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaapa hatasema. Nami nilimpenda ami. Hakuwa na kazi wala hakuonekana kuitafuta, lakini hakurudi nyumbani bila kashata yangu mfukoni, imeshikana na nyuzi za suruali.

Kisha ukaja mwaka ule wa vurugu. Mtu wa Likoni hahitaji kuambiwa ni upi. Kabla ya chochote kutokea maneno yalikuwa yamekwisha kuzunguka, kwamba watu wa bara wamejaa, kwamba kazi wamechukua wao, kwamba safari hii wataondoka. Yalisemwa kisimani, yalisemwa barazani, na sisi watoto tuliyarudia bila kujua tunarudia nini. Asubuhi moja ami alimjia babu na vijana wawili nisiowajua, akaomba mishale. Babu alikuwa anapaka nta. Hakuinua hata uso. "Mishale yangu ni ya nyama," alimwambia. "Na hao wenzako wasinikanyagie ua wangu tena."

Ami akanijia mimi, nyuma ya banda la kuku, peke yake.

"Nguruwe wanamaliza mihogo ya rafiki yangu," alisema. "N'pe wale watoto wako. Kwani si wabovu? Ni wa kutishia tu."

Nisikudanganye, nawe umenisikiliza mpaka hapa. Mihogo ya huyo rafiki yake ilikuwa imeng'olewa yote tangu mwezi uliotangulia, na mimi mwenyewe nilikwenda kusaidia kumenya. Nilijua hakuna nguruwe. Sikujua kuna nini, lakini nguruwe nilijua hakuna. Nikapanda juu ya ngazi ya kuku, nikawachomoa mmoja mmoja, nikampa. Akanipa kashata mbili.

Usiku mmoja baadaye nyumba za watu wa bara zilivamiwa. Mambo yenyewe sikuyaona, tulikuwa tumejifungia ndani, bibi ametulaza chini ya kitanda. Nilisikia, na nilichosikia nakiacha kilipo. Kulipokucha babu alifungua mlango akaelekea kwa jirani, nami nikamfuata bila kuitwa.

Mlango ulikuwa wazi, na kwenye mlango lilining'inia pazia la buluu lenye maua meupe, lile ambalo mke wa jirani alilifua kila Jumamosi. Nyuma yake mama huyo alikuwa ameketi chini, kichwa cha mumewe mapajani. Mshale ulimpata jirani aliposimama nyuma ya pazia kuangalia nje. Haukuingia sawa. Ulikuja umelala upande, ukampasua paja, akatokwa damu mpaka akafa alfajiri, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuthubutu kutoka kumtafutia gari. Ulikuwa umeshachomolewa, na mmoja wa wazee wa mtaa alikuwa ameuchukua. Mikono ya jirani ilikuwa wazi pembeni mwake, na simiti imo kwenye kucha.

Babu alisimama mbele ya pazia, hatua moja tu. Alikuwa anaona ukungu.

"Njoo unisomee," aliniambia, polepole sana.

Nikasogea. Kitambaa kilikuwa kimechanika kushoto, urefu wa kiganja changu kizima. Sijaona mchaniko mbaya kama ule kwenye karatasi yoyote. Nikaujua papo hapo ni mtoto wangu yupi, yule mwenye unyoya mmoja mpana, aliyeshindwa mara tatu kwa siku moja.

"Likoje?"

"Duara, babu," nikasema.

Babu akainua mkono, akalishika pazia kulisogeza, akaingia kumpa pole mke wa jirani. Aliporudi nyumbani alilishusha podo la mishale yake kutoka darini, akaipapasa mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwepo. Akaendelea kukaa pale na podo magotini hadi adhana ya adhuhuri, na kwa mara ya kwanza nikaona amesikia adhana asiinuke.

Askari walikuja siku ya tatu, nyumba kwa nyumba. Mkubwa wao alikuwa na mshale mkononi, damu imekauka juu yake. Akauinua mbele ya wanaume waliokusanywa uani kwetu, akauliza alama ile ni ya nani. Ami hakuwepo, ilisemekana amevuka mpaka kuelekea Tanga. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko na kata ya maji mkononi, na maneno yote yalikuwa mdomoni mwangu, yamekamilika, na jina la ami limo. Bibi alikuwa nyuma yangu. Akaniwekea mkono begani, akabana.

"Alama ni yangu," babu akasema.

Wakamwuliza aliyeupiga ni nani. Akasema, "Nimewaambia alama ni yangu." Walipanda mpaka darini, wakauteremsha uta na podo, wakaondoka na vyote pamoja na yeye. Kofia yake ilimdondoka njiani na hakuruhusiwa kurudi kuiokota. Nikaiokota mimi.

Mke wa jirani alihama kabla mwezi haujaisha. Lori lilikuja, wakapakia vitanda, sufuria, baiskeli. Pazia alilikunja kwa mikono yake mwenyewe akalitia kwenye sanduku. Huyu mama alikuwa akiniita "mwanangu" kila nilipompelekea nyama. Siku ile alipita mbele ya nyumba yetu na watoto wake watatu bila kugeuza uso, kwa sababu kwake yeye babu alikuwa amemlisha mumewe miaka yote ile, kisha akamwua.

Babu waliishia kumwachilia, maana hakutokea wa kusema alimwona. Lakini ilikuwa imepita miezi mingi. Alirudi na kikohozi, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjuki. Hakusimulia, nasi hatukuuliza. Uta haukurudi. Alikaa uani mchana kutwa akitazama upande wa vichaka, na Alhamisi ikifika mikono yake ilihangaika.

Alasiri moja aliniita. Alikuwa na karatasi ya simiti, ya mwisho katika zile alizotuletea jirani, aliyoitoa chini ya godoro. Aliishika mbele yangu kwa mikono miwili.

"Njoo unisomee. Likoje?"

Karatasi ilikuwa nzima. Haikuwa na tundu hata moja. Nikaitazama, nikamtazama yeye, na machozi yakanitoka kabla sijafungua mdomo.

"Limechanika, babu. Kushoto. Kiganja kizima."

"Najua," alisema. "Karatasi ndiyo haiguswi. Pazia nililigusa."

Nikapiga magoti, nikamwambia yote, makuti, watoto tisa, kashata. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka anipige, nilitamani kweli anipige. Alisema, "Mshale mbovu huvunjwa na aliyeutengeneza. Mimi nilimpa mtoto." Kisha akaikunja karatasi mara mbili, akainuka kwenda kutawadha. Hatukulizungumza tena. Alifariki mvua za masika zilipoanza.

Vichaka vyenyewe sasa ni nyumba, mabati kwa mabati, na mtoto wangu akiona picha ya paa kitabuni huniuliza kama ni mbuzi. Sijui mtu yeyote huku kwetu anayeweza kufunga manyoya matatu yakakaa sawa. Ami alirejea baada ya miaka, ana ndevu nyeupe na wajukuu. Huja kwangu kila Idi, hula pilau, huwapa watoto wangu kashata. Mimi humpakulia.

Mke wa jirani nasikia yu hai, huko bara, mzee sasa. Binti yake nimepewa nambari yake ya simu na mtu aliyefanya naye kazi, imo kwenye daftari langu la shule, ukurasa wa mwisho. Na pazia, bila shaka, bado analo sandukuni. Akilitoa akaliinua juani anaona mchaniko mrefu, upande wa kushoto, na hajui unasema nini. Anaamini ni mkono wa babu. Mkono wa babu haukuacha mchaniko kama ule tangu nizaliwe, na aliyebaki duniani wa kumsomea ni mimi peke yangu.

Fundi aliniomba karatasi awashie moto wa chai. Nikampa, nikaingia ndani, nikafungua daftari ukurasa ule, nikaketi nalo mpaka chai ikapoa. Kisha nikalifunga, kama nilivyolifunga mwaka jana.